Haraka na Polepole zikikutana: nani kasema zinafutana?

Swali la leo linatoka kwenye mchezo, ila naomba usilichukulie kimchezo. Mtu amerogwa aende mara mbili ya mwendo wake. Sekunde chache baadaye adui naye anamroga aende nusu. Sasa anaendaje? Wengi watakujibu fasta: zidisha kwa mbili, gawanya kwa mbili, tumerudi pale pale. Nguvu mbili zimefutana, kesi imeisha.

Mimi nasema kesi ndiyo kwanza inaanza. Jibu hilo limeandikwa kwenye vitabu vya sheria vya mchezo maarufu, likafutwa kimya kimya kwenye toleo jingine, na hadi leo wachezaji wanabishana. Tena si wachezaji peke yao. Wazo lile lile, kwamba kinachoharakisha kinafuta kinachopunguza, linatembea usiku kwenye barabara kuu inayopita Hedaru, Makanya na Same. Huko halina msimamizi wa kukuambia rudia zamu.

Kwanza mchezo wenyewe. Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na watunzi wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Kama hujawahi kuuona, picha yake ni hii: watu wanne au watano wamezunguka meza, kila mmoja ana mhusika wake, na mmoja wao ni msimamizi anayesimulia na kuamua. Dadu yenye pande 20 ndiyo inayosema kama umefaulu. Humo ndani kuna uchawi mwingi, na miwili kati yake ni pacha: Haste na Slow. Hapa nitaiita Haraka na Polepole, maana Mswahili tayari anajua kwamba hao wawili hawapatani.

Toleo la zamani: futa, endelea

Kwenye toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2003, sheria ilikuwa fupi. Haraka inaondoa Polepole, na Polepole inaondoa Haraka. Ukiwa na Haraka ukapigwa Polepole, unabaki mtu wa kawaida. Matoleo ya nyuma yake nayo yalikuwa na mwelekeo huo huo.

Kabla sijaikosoa sheria hii, niipe haki yake. Watunzi hawakuiweka kwa uvivu. Kwenye toleo lile Haraka haikuzidisha mwendo, ilikuwa inajumlisha: unaongezewa futi 30, ilimradi usizidi mara mbili ya mwendo wako wa kawaida. Polepole yenyewe ilikuwa inagawanya kwa mbili. Sasa chukua mtu wa futi 30 kwa zamu ufanye hesabu. Ukijumlisha kwanza halafu ukagawanya, 30 na 30 ni 60, nusu yake ni 30. Ukigawanya kwanza halafu ukajumlisha, nusu ya 30 ni 15, jumlisha 30 unapata 45. Mtu yule yule, uchawi ule ule, majibu mawili. Tofauti ni nani alitangulia.

Wanahisabati wanasema matendo haya mawili hayabadilishani nafasi. Kujumlisha na kujumlisha hakujali mpangilio. Kuzidisha na kuzidisha vilevile. Lakini changanya kujumlisha na kugawanya, na mpangilio unakuwa sehemu ya jibu. Mezani hii ni ugomvi mtupu, kwa hiyo watunzi wakaukata mzizi: zikikutana, zinafutana, tusonge mbele.

Kama sheria ya mchezo, hiyo ni kazi safi. Wacheza bao wataielewa mara moja. Kwenye bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ukiwa na nafasi ya kula lazima ule. Kutakata kunakuja pale tu ambapo huna cha kula. Hakuna mjadala wala kuombana. Sheria inayosema wazi nani atangulie inawaokolea watu usiku mzima. Toleo la 3.5 lilifanya hivyo hivyo.

Tatizo langu liko kwingine. Sheria safi si lazima iwe picha sahihi ya mambo, na hii inafundisha kitu ambacho dunia haifanyi.

Toleo la tano: ziache zote mbili

Mwaka 2014 likaja toleo la tano. Ile sentensi ya kufutana haipo. Iliyopo ni kanuni ya jumla: uchawi wa aina tofauti unafanya kazi kwa pamoja muda wote unaopishana. Kwa hiyo Haraka na Polepole zinaishi ndani ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Tumkague basi, kipengele kwa kipengele.

Mwendo: Haraka inazidisha kwa mbili, Polepole inagawanya kwa mbili. Hapa kweli zinafutana, isipokuwa kwenye vipande. Mchezo huu unakata desimali kwenda chini, kwa hiyo mtu mfupi mwenye mwendo wa futi 25 akigawanywa kwanza anapata 12, akizidishwa anafika 24. Futi moja imepotea njiani. Ni kitu kidogo, ila aliyewahi kuandika programu ya kompyuta anajua futi moja kama hiyo inavyoweza kukukosesha usingizi.

Kinga dhidi ya mapigo: Haraka inaongeza 2, Polepole inatoa 2. Sifuri. Hadi hapa wale wa "zinafutana" wanashangilia.

Kukwepa hatari, kwa mfano mlipuko wa moto: hapa ndipo panaponoga. Polepole inakutoza 2 kwenye jaribio lako. Haraka haikupi 2. Inakuruhusu urushe dadu mara mbili uchukue namba kubwa. Je, zinafutana? Inategemea ugumu wa jaribio. Tuseme unahitaji 11 kwenda juu. Mtu wa kawaida anafaulu mara 50 kwa 100. Mwenye uchawi wote miwili sasa anahitaji 13, lakini anarusha mara mbili, na anafaulu mara 64 kwa 100. Kapata faida. Sasa tuseme jaribio ni gumu, unahitaji 18. Wa kawaida anafaulu mara 15 kwa 100. Mwenye miwili anahitaji 20 kamili, anarusha mara mbili, na anafaulu kidogo chini ya mara 10 kwa 100. Kapata hasara. Hesabu ikifanywa yote, hasara inaanzia pale unapohitaji 17. Kwa hiyo nguvu zile zile mbili zinakusaidia kwenye kazi rahisi na ya wastani, na zinakuangusha kwenye kazi ngumu. Ishike hiyo, nitaihitaji tena.

Vitendo: Haraka inakuongezea kitendo kimoja cha ziada, chenye masharti. Polepole inasema hata ukiwa fundi wa vita namna gani, utapiga pigo moja tu kwa zamu, na uwezo wa kujibu nje ya zamu yako unapotea kabisa. Haraka haikurudishii uwezo huo. Matokeo yake ni kiumbe cha ajabu: anapiga mara moja, halafu anatumia kitendo cha ziada kukimbia tena, na ukimpita ubavuni hana la kukufanya. Huyo si mtu wa kawaida hata kidogo. Ni mtu wa aina ya tatu.

Na kuna mkia. Haraka ikiisha, mtu anapigwa na uchovu: hadi zamu yake inayofuata ipite, hawezi kusogea wala kutenda. Polepole haina mkia wa hivyo. Tena kila mwisho wa zamu aliyerogwa Polepole anapewa nafasi ya kujinasua. Ndiyo maana wachezaji wajanja wamegundua kwamba dawa ya adui mwenye Haraka si kumroga Polepole. Ni kumpiga yule mchawi anayeishikilia Haraka hadi akili yake ihame. Uchawi unakatika, na adui yako anaganda zamu nzima.

Lawama yangu kwa toleo la tano ni moja, na si ndogo. Limeziacha nguvu ziishi pamoja bila kueleza mpangilio. Polepole inasema unaweza kufanya kitendo au kitendo kidogo, si vyote viwili. Je, kile kitendo cha ziada cha Haraka kinahesabiwa humo? Kitabu hakisemi, msimamizi atajua mwenyewe. Ukivunja sheria fupi ya zamani, una wajibu wa kuweka maelezo mahali pake. Hapo 3.5 inashinda kwa uwazi.

Lakini kwa ukweli inashinda ya tano. Ngoja nikuonyeshe kwa kutumia milima.

Mlima haukurudishii dakika zako

Makanya iko chini, barabarani. Suji iko juu, Pare Kusini. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, kipande cha kupanda ni kilomita 15, na bodaboda kwenye tambarare inakwenda kilomita 30 kwa saa. Kupanda kunaikata nusu: 15 kwa saa. Kushuka tuseme kunaipa mara mbili: 60 kwa saa (usijaribu, hii ni karatasi). Nusu kwenda, maradufu kurudi. Zimefutana?

Kupanda ni dakika 60. Kushuka ni dakika 15. Jumla 75. Kama njia yote ingekuwa tambarare, ungetumia 30 kwenda na 30 kurudi, jumla 60. Mlima umekula robo saa, na kushuka hakukuirudisha. Sababu yake ni rahisi: ukiwa polepole unakaa muda mrefu ndani ya upolepole, na ukiwa haraka unakaa muda mfupi ndani ya uharaka.

Sasa geuza. Badala ya kugawa njia sawa, gawa muda sawa. Nusu saa kwa 15, nusu saa kwa 60: kilomita 7.5 na kilomita 30, jumla 37.5. Tambarare ungepata 30. Safari hii umepata faida! Mchezo wa mezani unahesabu kwa zamu za sekunde sita, yaani kwa muda sawa, kwa hiyo anayepokezana zamu ya Haraka na zamu ya Polepole anafika mbali kuliko asiyerogwa.

Kwa hiyo nguvu mbili zile zile zina majibu matatu. Zikikaa pamoja, mwendo unabaki ule ule. Zikipokezana kwa umbali sawa, unapoteza. Zikipokezana kwa muda sawa, unafaidi. Anayesema "zinafutana" bila kueleza zimekutanaje hajajibu swali.

Mambo yanayofutana kweli yapo, tusidanganyane. Angalia ndiva, yale mabwawa madogo ya asili ya Wapare ambayo maji ya mfereji hukusanywa usiku na kufunguliwa mchana yaende mashambani. Maji yanaingia, maji yanatoka, na vyote viwili vinagusa kitu kimoja tu: kiasi kilichomo bwawani. Lita kumi zikiingia na kumi zikatoka, kweli hakuna kilichobadilika. Sharti la kufutana ndilo hilo: kitu kimoja, njia moja, kujumlisha na kutoa. Sharti hilo likivunjika, usitegemee sifuri.

Mwili si ndiva

Ndani ya kifua chako kuna Haraka na Polepole zinazofanya kazi sasa hivi. Moyo wa binadamu mzima ukikatiwa neva zote unadunda wenyewe karibu mara 100 kwa dakika. Ukiwa umekaa unasoma, pengine uko kwenye 70. Nani kapunguza? Ni neva ya vagasi, breki ya mwili. Ukianza kupanda mlima, mwili kwanza unaachia breki hiyo, kisha neva za upande wa pili zinazidi kukanyaga mafuta. Na hazijumlishwi kirahisi: breki ile ile inapunguza mapigo mengi zaidi wakati mafuta yamekanyagwa kuliko wakati wa mapumziko. Nguvu moja inabadilisha uzito wa nyingine. Hakuna toleo la mchezo lililothubutu kuandika hivyo, na siwalaumu.

Sasa tufike barabarani, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Pombe ni Polepole. Inapunguza kasi ya ubongo kuitikia, inaharibu uratibu wa mikono na macho, inalegeza uamuzi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, na hiyo ni Haraka. Imani ya mtaani ni kwamba ukinywa pombe, halafu ukapiga kahawa nzito au kopo la kinywaji cha nguvu, unarudi sifuri. Ndiyo sheria ya 3.5 kabisa, neno kwa neno.

Mwili hauisomi sheria hiyo. Ini linaondoa pombe kwa kasi yake, karibu isiyobadilika, na kafeini haiiongezi hata kidogo. Kafeini inakwenda mahali pengine: inaziba milango ya kemikali iitwayo adenosini, ambayo kazi yake ni kukupa hisia ya usingizi. Adenosini haijaondoka, imezuiwa kubisha hodi. Kwa hiyo unapata mtu ambaye hasikii usingizi, anajiona yuko fiti, na mikono yake bado imelewa. Mtu wa aina ya tatu, kama yule wa toleo la tano. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji wa vileo vyenye kafeini kwa sababu hiyo hiyo: kafeini inamficha mlevi asijue kalewa kiasi gani.

Kumbuka ile hesabu ya dadu. Kwenye kazi rahisi, kama kunyoosha gari kwenye barabara tupu, mtu huyu anaweza kujiona yuko sawa. Kazi ngumu ndiyo inayomuumbua: ng'ombe anakatiza ghafla, lori limesimama bila taa, kona ya ghafla. Jaribio la 18. Dadu si ubongo, najua, na asilimia zile si za barabarani. Lakini funzo la kwamba "sawa kwenye rahisi" si ushahidi wa "sawa kwenye gumu" linahama vizuri kutoka mezani kwenda kwenye usukani.

Pare ina sura yake ya jambo hili. Milima inayotupa tangawizi ya Mamba Miamba ndiyo hiyo hiyo inayotajwa kwenye habari kwa sababu ya mirungi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeteketeza mashamba wilayani Same. Mirungi ina kathinoni, kichocheo cha jamii moja na amfetamini. Wapo wanaoitafuna ili kuushinda uchovu. Lakini uchovu nao haukufutwa, umesogezwa mbele. Ukifika unakuja na mkia, ule ule wa Haraka inapokatika: mtu anaganda. Mezani unapoteza zamu moja. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, na sekunde sita, yaani zamu moja ya mchezo, ni zaidi ya mita 130. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku Tanzania. Kwa hiyo hili si zoezi la darasani.

Hukumu

Kama unataka mchezo unaokwenda bila kelele, toleo la 3.5 lina sheria bora. Kama unataka mchezo unaokufundisha kufikiri, chukua la tano, kisha uongeze maelezo ambayo watunzi wameyaacha. Mezani mimi ningeandika mistari mitatu. Kwanza, kila kipengele kihesabiwe peke yake. Pili, jumlisha na toa kabla ya kuzidisha na kugawanya, na desimali ikatwe mwishoni mara moja. Tatu, kizuizi kinashinda ruhusa: Polepole ikisema pigo moja, ni pigo moja.

Na ukiondoka mezani, beba maswali mawili. Ukisikia mtu anasema kitu fulani kinafuta kingine, muulize: vinagusa kitu kimoja au viwili? Na kinachoharakisha kikiisha, nini kinabaki? Ukiwa na rafiki aliyekunywa akakuambia kahawa imeshamrudisha, huhitaji kumsomea makala yote hii. Chukua ufunguo wa gari. Pombe inahitaji saa za kutoka mwilini, na usingizi unahitaji kulalwa.